SOMO: KUANDAA DARASA LA ULUMBI KWA VIJANA WANAOSOMEA NYUMBANI



Wazazi kadhaa wa hapa Mbaraki na mitaa ya jirani wametuletea swali moja kwa maneno tofauti. "Kijana wetu tunamsomesha nyumbani. Hesabu anajua, vitabu anasoma, lakini mgeni akibisha hodi anainamisha kichwa. Akiulizwa jina, mama ndiye anayejibu. Tufanyeje?"

Katika somo hili tutajaribu kujibu swali hilo. Tumelipanga ili mzazi, mwalimu wa kujitolea au kiongozi wa vijana aweze kulichukua, akakusanya vijana wachache na kuanza. Halihitaji fedha nyingi. Linahitaji saa moja na nusu kwa wiki, kwa muda wa wiki 10, na watu wazima walio tayari kukaa kimya wakasikiliza.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa wiki 10, kila kijana wa miaka 13 hadi 17 aweze kusimama mbele ya watu asiowazoea, aseme jambo moja la kweli kwa dakika 3, aeleweke, kisha ajibu maswali mawili bila kumtazama mzazi wake.

1. TATIZO HASA NI NINI?

Wengi hudhani kijana asiyesema mbele za watu amekosa maneno. Sivyo. Msikilize akiwa na ndugu zake nyumbani, hanyamazi! Alichokosa ni wasikilizaji.

Mtoto wa shule husimama mara nyingi bila hata kujua kwamba anafundishwa. Anajibu mwalimu, anasoma kwa sauti, anaongoza gwaride, anakariri shairi siku ya wazazi. Anakosea, wenzake wanacheka, kesho anasimama tena. Mtoto anayesomea nyumbani msikilizaji wake mkubwa ni mama, na mama huelewa hata nusu ya neno. Mtoto akisema, "Kile, kile pale," mama ashajua ni sufuria. Hiyo ni raha ya nyumbani, lakini haimfundishi kijana kumweleza jambo mtu asiyemjua.

Kwa hiyo shikeni neno hili moja, nalo ndilo msingi wa somo lote: katika darasa la ulumbi wasikilizaji huja kwanza, mbinu hufuata. Ukiwa na mbinu zote za duniani lakini kijana anasema mbele ya mama yake tu, hakuna darasa hapo.

Hali hii si ngeni kwetu. Shule zote za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kila nyumba iligeuka kuwa shule, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Wazazi wengi waliona siku hizo kwamba kitabu kinaweza kusomwa mezani nyumbani, lakini mazungumzo na rika hayapatikani mezani peke yake.

Angalizo kuhusu sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto wake shuleni na kuhakikisha anahudhuria. Kumsomesha mtoto nyumbani kumezua mabishano, hata mahakamani. Hatuingii katika mabishano hayo hapa. Mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani na aende ofisi ya elimu akapate ushauri. Darasa tunalolieleza ni mkutano wa vijana wa mara moja kwa wiki, na halichukui nafasi ya shule.

2. KWA NINI TUJISUMBUE?

Tuna sababu tatu.

Ya kwanza, ulimi unaweza kufungua mlango ambao cheti kimeufunga. Hebu tumkumbuke mwana wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa hapa mwaka 1933. Alipofanya mtihani wa Cambridge mwaka 1949 hakupata alama za kumwingiza Makerere, chuo ambacho wakati huo ndicho kilichokuwa tegemeo la Afrika Mashariki yote. Akaajiriwa kazi ndogo katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mazrui alisimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitoa hotuba katika sherehe ya Maulidi mbele ya Gavana Philip Mitchell. Gavana alivutiwa na kijana huyo, na mambo yakaishia kwa Mazrui kupata msaada wa kwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1960 alipata shahada Manchester, na baadaye udaktari Oxford. Mwaka 1979 ndiye aliyetoa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC. Tena alisema kwamba akiwa mtoto alijifunza Kiingereza hasa ili aweze kuingia katika midahalo. Basi tusiuite mdahalo mchezo wa kupoteza wakati.

Ya pili, mambo ya mtaa siku hizi huamuliwa kwa maneno. Katiba ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi kuwa moja ya maadili ya taifa katika Ibara ya 10, na Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha watu katika kazi zake. Lakini mkutano wa bajeti ukiitishwa, nani husimama? Mara nyingi ni walewale watatu. Asiyejua kusema huondoka na shida yake mfukoni kama alivyokuja.

Ya tatu, na hii wazazi tuitie maanani sana, kijana anayeweza kusema ni vigumu zaidi kuonewa. Mtu mzima akimgusa vibaya au akimtishia, kijana huyo ataweza kumwambia mwingine: nani, wapi, lini, alifanya nini. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maoni ya mtoto yazingatiwe kulingana na umri na upevu wake, lakini maoni yasiyotamkwa hayawezi kuzingatiwa. Wafundisheni pia nambari 116, simu ya bure ya kusaidia watoto hapa Kenya.

3. MAANDALIZI

Idadi. Vijana 8 hadi 12 wanatosha. Wakizidi 12, kila mmoja hatapata zamu ya kusimama, na asiyesimama siku hiyo hajahudhuria darasa, amehudhuria mkutano.

Mahali. Sisi watu wa pwani neno baraza lina maana mbili: kibaraza cha mawe mbele ya nyumba, na mkutano wa watu. Wazee wetu walijua kwamba mahali pa kukaa na mahali pa kusema ni pamoja. Baraza ya nyumba inafaa wiki za mwanzo. Baadaye hamieni kwenye ukumbi wa kanisa au wa jamii, penye nafasi ya hatua 15 kati ya msemaji na msikilizaji wa nyuma. Kelele kidogo si mbaya. Malori ya bandarini hayawezi kunyamazishwa, na kijana ajifunze kungoja lori lipite kisha aendelee.

Siku. Epukeni Ijumaa adhuhuri, Jumamosi kwa ajili ya Wasabato, na Jumapili asubuhi. Vijana wanaosomea nyumbani wana uhuru wa katikati ya wiki. Jumatano saa nne asubuhi ni nzuri: jua halijawa kali, na wazee waliostaafu wanapatikana kuja kusikiliza.

Usalama. Watu wazima wawili wawepo wakati wote, mwanamke na mwanamume ikiwezekana, na mlango uwe wazi. Asitokee mtu wa kumpiga kijana picha au kumrekodi kwa simu bila idhini ya mzazi na ya kijana mwenyewe. Hotuba ya kujifunza ikitupwa mitandaoni ikachekwa, kijana huyo hatasimama tena.

Vifaa. Saa, chaki, daftari moja kwa kila kijana, na maji ya kunywa. Maikrofoni haihitajiki, iacheni.

4. SAA MOJA NA NUSU IENDE VIPI?

Dakika 10: kunyoosha mwili, pumzi na sauti.

Dakika 15: mchezo wa kusema papo hapo. Andikeni maneno kwenye vikaratasi (kivuko, mahamri, mvua, daftari, jirani). Kijana anaokota kimoja, anasema kwa nusu dakika bila kujiandaa.

Dakika 40: hotuba. Vijana 12 kwa dakika 3 kila mmoja ni dakika 36, na dakika 4 za kupokezana.

Dakika 15: maoni ya wasikilizaji.

Dakika 10: kazi ya wiki ijayo.

Angalieni kwamba mwalimu hana hotuba yake katika mpango huu. Mwalimu akizidisha dakika 10 za maelezo, amekula zamu za vijana watatu.

5. MAMBO MATATU YA KUFUNDISHA

(a) Pumzi na sauti. Manamba wa matatu anayeita "Ferry! Ferry!" anasikika hadi ng'ambo ya barabara, lakini anatumia koo, na jioni sauti imemkauka. Mwambieni kijana aweke kiganja tumboni, avute pumzi hadi kiganja kisogee mbele, kisha ahesabu 1 hadi 10 kwa pumzi moja. Halafu aseme jina lake kwa mtu aliye hatua 15 mbele, bila kupiga kelele. Miguu ikae imara, macho yamtazame mtu mmoja hadi sentensi iishe, ndipo ahamie kwa mwingine. Na mwisho wa sentensi anyamaze kidogo. Wanaoanza huogopa kimya, kumbe msikilizaji anakihitaji ili aelewe.

(b) Mpango wa maneno. Mfundisheni kijana mafungu manne tu: salamu, jambo lenyewe, ushahidi wa macho yake, na ombi moja. Tazameni hotuba hizi mbili ambazo tumezitunga kwa mfano.

Ya kwanza: "Hamjambo wote. Mimi leo nitaongea kuhusu maji. Maji ni uhai. Maji yana faida nyingi sana. Tunakunywa, tunafua, tunaoga, tunapika. Bila maji hatuwezi kuishi. Kwa hiyo serikali itusaidie. Asanteni."

Ya pili: "Shikamooni wazee, hamjambo wenzangu. Nyumbani kwetu tuko watu 6. Wiki iliyopita tulinunua mitungi 28 ya maji ya mkokoteni. Niliihesabu mwenyewe, nikapiga alama za chaki ukutani. Siku mbili tulinunua mitungi 6 kila siku, kwa sababu mfereji haukutoa hata tone. Ninaomba jambo moja: ratiba ya maji ibandikwe pale tunapokutania, ili mama ajue siku ya kuteka na siku ya kununua. Asanteni kwa kunisikiliza."

Waulizeni vijana: ipi mnaikumbuka? Watasema ya pili, na waeleze kwa nini. Ya kwanza haina kosa la sarufi, lakini mtu yeyote angeweza kuisema bila kutoka kitandani. Ya pili ina nyumba, hesabu, chaki ukutani, na ombi ambalo mtu fulani anaweza kulitimiza au kulikataa. Hapo ndipo ulumbi unapoanzia, kijana anapokuwa na jambo lake mwenyewe.

(c) Kusikiliza. Nusu ya darasa ni masikio. Kila msikilizaji apewe kazi: mmoja asikilize ombi, mmoja asikilize mwanzo, mmoja atazame macho ya msemaji. Katika kutoa maoni tumieni maneno haya peke yake: "Nilisikia…" na "Ningependa kusikia zaidi…". Msiruhusu "Ulikuwa mzuri," kwa maana haisaidii, wala "Ulikuwa mbaya," kwa maana inaumiza. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Msemo huo unamhusu mkosoaji pia.

6. MPANGO WA WIKI 10

Hapa ndipo msingi wetu unapotekelezwa. Kila hatua wasikilizaji wanabadilika, wanakuwa wageni zaidi.

Wiki ya 1: Kila kijana amtambulishe mwenzake, asijitambulishe mwenyewe. Kumsema mwingine kunapunguza aibu.

Wiki ya 2: Eleza namna ya kufanya kitu unachokijua: kukaanga viazi karai, kuziba pancha ya baiskeli, kusuka nywele.

Wiki ya 3: Kila mmoja alete mgeni mmoja, lakini asiwe mzazi wake.

Wiki ya 4: Hadithi. Kila kijana amwombe bibi, babu au jirani mzee hadithi, aje aisimulie bila karatasi.

Wiki ya 5: Darasa la nje. Nendeni kwenye mnara wa kale wa Mbaraki, ule wa mawe ulio karibu na mkono wa bahari. Kila kijana awe kiongozi wa wageni kwa dakika 2. Aseme anachokiona kwanza, kisha alichoambiwa na watu, na atofautishe hayo mawili.

Wiki ya 6: Mdahalo. Hoja iwe ya kwao, kwa mfano: "Kijana apewe simu yake mwenyewe akifika miaka 14." Dakika 20 za mwanzo wateteeni upande mmoja, kisha wabadilishane. Anayejua kutetea upande asioupenda amejifunza kumsikiliza mpinzani.

Wiki ya 7: Mahojiano ya kazi. Mwalikeni fundi, mwenye duka au karani aliyestaafu awahoji kama anavyohoji mtu wa kazi. Wengi hapa hukwama kwenye swali rahisi: "Hebu jieleze."

Wiki ya 8: Kusema jambo gumu. Jinsi ya kukataa, jinsi ya kuripoti, jinsi ya kuomba radhi. Fanyeni kwa maigizo mafupi, na mwelekezi awe mtu mzima mwenye busara. Asilazimishwe kijana kutoa habari zake binafsi. Akitokea anayesema jambo zito, msiahidi siri. Mwambieni mtatafuta msaada pamoja naye.

Wiki ya 9: Matayarisho. Darasa lichague shida moja ya kweli ya mtaa, wagawane sehemu, wapimane muda.

Wiki ya 10: Baraza. Waalikeni mzee wa mtaa, viongozi wa dini zote, na yeyote anayehusika na shida ile. Vijana waseme, wageni waulize, vijana wajibu. Wazazi wakae nyuma, na wafunge midomo!

7. AIBU, KIGUGUMIZI NA LUGHA

Mwenye aibu msimsukume katikati siku ya kwanza. Aanze akiwa ameketi, kisha asimame alipo, kisha ajongee mbele. Lakini kila wiki asogee hatua moja, asiachwe pale pale kwa kuonewa huruma.

Mwenye kigugumizi mpeni muda wake. Msimmalizie neno, msimwambie "polepole," msiangalie pembeni. Mtazameni kama mnavyowatazama wengine, ngojeni amalize. Dakika zake ziwe 4 badala ya 3, na jambo hilo lipangwe naye kimya kimya, lisitangazwe.

Kuhusu lugha, wazazi wengine watataka Kiingereza tangu siku ya kwanza. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ushauri wetu: aanze kwa lugha anayoiota usiku, iwe Kimvita, Kigiriama au Kiswahili cha mjini. Akishajua kupanga jambo, alihamishie Kiswahili sanifu, na kisha Kiingereza. Na lafudhi ya mtu isichekwe darasani. Hapa Mombasa hotuba nzuri zimesemwa kwa lafudhi nyingi.

8. TUTAJUAJE TUMEFAULU?

Msitoe alama. Siku ya kwanza andikeni katika daftari la kila kijana mambo matatu: alisimama kwa muda gani, alimtazama nani, na msikilizaji wa nyuma alisikia nini. Wiki ya 10 andikeni tena, kisha mumwonyeshe kurasa zote mbili. Yeye mwenyewe ataona.

Kipimo kingine kiko nje ya darasa. Mtumeni dukani akarudishe kitu kilichoharibika, au zahanati akaeleze maumivu yake mwenyewe mbele ya muuguzi. Mama aende naye, lakini kijana aseme. Muuguzi akielewa bila mama kuongeza neno, darasa limefanya kazi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika mtaa wenu, ni nani husema mikutanoni, na ni nani hasemi kabisa? Kwa nini?

2. Wiki iliyopita, ni mara ngapi ulimjibia mtoto wako swali aliloulizwa yeye?

3. Tajeni watu watano wa mtaani ambao wangekubali kuja kuwasikiliza vijana. Nani atakwenda kuwaomba, na lini?

4. Ni shida gani ya kweli, ndogo, inayoweza kutatuliwa, ambayo vijana wenu wangeileta kwenye baraza la wiki ya 10?

Kazi ya wiki hii: kabla ya kutafuta ukumbi, kabla ya kununua chaki, andikeni majina ya wale wasikilizaji watano. Mkiyapata, darasa limekwisha kuanza.